Nusu ya shule yetu imekodishwa na hakuna mzazi ameona mkataba

Nimerudi Nakuru baada ya miaka mingi Marekani na kila mtu ananiuliza nimeonaje mji, barabara, magorofa, vile tumekuwa jiji tangu Desemba 2021. Nimeona na nimefurahi kweli. Lakini kuna jambo moja limenikaba tangu nifike na leo naliandika lote: shule ya msingi niliyosoma mimi na ndugu zangu, shule ya serikali, nusu yake sasa ni akademi ya mtu, yaani shule binafsi ya kulipia.

Jina la shule sitataja, wala la mwenye akademi. Wenyeji wanaijua na wale wengine pengine mko na kama hiyo karibu na kwenu.

Iko hivi. Geti kubwa tulilokuwa tunaingilia ni la akademi siku hizi, limepakwa rangi mpya na kuna askari na basi la manjano. Watoto wa shule ya umma wanaingilia kageti ka nyuma karibu na vyoo. Katikati ya fildi pamepitishwa ukuta wa mabati na madarasa ya mawe yote yamebaki upande ule mwingine, na hayo madarasa si serikali iliyajenga, ni wazazi wetu kwa harambee, nakumbuka mamangu akiuza kuku ndio atoe mchango wake na jina lake likasomwa mbele ya watu. Bomba la maji pia liko upande ule. Nilikaa pale wakati wa break nikaona watoto wadogo wamepanga vibuyu vya lita tano kando ya mabati, kuna tundu limekatwa, askari wa akademi anapitishia mpira wa maji hapo, lakini lazima watoto wa akademi wamalize kunywa na kunawa kwanza. Kengele ikalia ya upande wa umma kabla zamu iishe. Watoto wakarudi darasani na vibuyu vitupu na hakuna mtu mzima alishtuka hata mmoja, na hapo ndipo niliumia zaidi, kuona imekuwa kawaida.

Na usiniambie hayo madarasa yalikuwa yamekaa bure. Tangu Januari 2023 shule za msingi ndizo zinabeba junia sekondari, Gredi 7 hadi 9. Serikali yenyewe ilitangaza inajenga madarasa 16,000 nchi nzima ndio Gredi 9 wapate pa kukaa ilipofika Januari 2025. Sasa hapa kwetu Gredi 8 wote wamerundikwa kwa darasa moja la mabati, mwalimu wa sayansi anasimama mlangoni juu ndani hakuna pa kusimama, na hatua chache tu kutoka hapo kuna madarasa ya mawe ya shule hiyohiyo yenye watoto kidogo kila chumba.

Nikaenda kumwona mwalimu wangu wa zamani, amestaafu, alikuwa kwa bodi kama mwakilishi wa walimu mambo haya yakianza. Alinieleza bila kuficha na mimi namheshimu kwa hilo. Baada ya elimu ya bure kuja 2003 watoto walijaa, nchi nzima walipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, madarasa yakafurika, wazazi wenye uwezo kidogo wakaanza kutoa watoto wao kupeleka akademi, na huku kwetu pole pole shule ikapungua. Pesa ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka na hata hiyo inachelewa, wakati mwingine muhula unaisha. Hedi, yaani mwalimu mkuu, alikuwa na deni la stima, deni la maji, mlinzi hajalipwa. Ndio akatokea mtu na pendekezo, akasema ana mpango wa akademi, atakarabati paa, atalipa kila mwezi, shule itapumua. Na huyo mtu hakuja peke yake, aliletwa na watu wa mheshimiwa, mwanasiasa wa huku kwetu, ndiye aliyekuwa anawapa magari wakati wa kampeni.

Nikamuuliza, "Mwalimu, na wewe huo mkataba uliusoma?"

Akasema, "Msichana wangu, nililetewa ukurasa wa mwisho nitie sahihi. Ile ya mbele sikuonyeshwa. Na nilikuwa nimebakisha mwaka nistaafu."

Mkataba ni wa miaka mingapi hajui. Kodi ni ngapi hajui, inaingia akaunti gani hajui. Wazazi waliambiwa tu kwa baraza ya chifu kwamba mfadhili amepatikana, wakapiga makofi.

Sasa mtu atasema wazazi si waulize. Nimejaribu kuongea na kina mama wa pale na nikaelewa. Mmoja akanivuta kando akaniambia, dada, mtoto wangu mkubwa yuko fomu tatu na karo yake nusu inalipwa na basari, ule msaada wa karo, fomu ya basari inapita kwa nani unajua, mimi nikisimama kwa mkutano niulize habari ya akademi mwaka ujao jina langu halitatoka. Huyu mama si mwoga, anapiga hesabu ya nyumba yake. Na hii ndiyo siasa yenyewe ya kule chini ambayo haiandikwi kwa magazeti, hakuna mtu anatisha mtu, hakuna anayepigwa, ni ile kila mtu anajua basari ya kaunti inatoka kwa nani, ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, inatoka kwa nani, kazi ya kibarua ya kujenga choo inatoka kwa nani, na darasa likijengwa kwa pesa yetu ya kodi linaandikwa jina la mtu ukutani herufi kubwa kama amelitoa mfukoni kwake. Mtu akishazoea kuona darasa ni zawadi ya mheshimiwa, siku mheshimiwa akimpa rafiki yake hilo darasa atasema nini?

Nilikokuwa naishi kule Marekani nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee huko Rockland County, jimbo la New York, na kando tu kuna wilaya ya shule inaitwa East Ramapo. Hii hadithi niliisikia kwa wazazi Wahaiti tuliokuwa tunafanya kazi nao shifti moja. Huko bodi ya shule ilikuwa inapigiwa kura na wakazi wote pamoja, bila kugawanywa kwa wadi, na wapiga kura wengi wa pale watoto wao walikuwa wanasoma shule binafsi za dini. Wakachagua bodi yao, ambayo ni haki yao. Lakini hiyo bodi ndiyo ilikuwa inaamua bajeti ya shule za umma ambako walikuwa wanasoma watoto weusi na Walatino, wengi wa wahamiaji. Walimu wakapunguzwa, muziki ukakatwa, chekechea ya siku nzima ikawa nusu siku, shule zikafungwa, na jengo la shule moja iliyofungwa, Hillcrest, bodi ikataka kuliuzia shule binafsi. Wazazi wakalalamika, kamishna wa elimu wa jimbo akasimamisha hiyo biashara. 2014 jimbo likatuma wakili achunguze hesabu na ripoti yake ilikuwa kali. Wazazi wakaenda mahakamani na 2020 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema ule utaratibu wa kupiga kura ulikuwa unawanyima weusi na Walatino sauti, wachague kwa wadi.

Naleta hii kwa sababu moja. Kule na hapa, dini tofauti, rangi tofauti, pesa tofauti kabisa, lakini shida ni ileile: wanaoamua juu ya jengo hawana mtoto ndani yake. Angalia bodi ya shule yetu leo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka viti 6 vya wawakilishi wa wazazi kwa bodi. Nimeuliza nani ni nani, wale wanaokaa kwa hivyo viti wengi wao watoto wao walimaliza zamani au wako shule zingine, na wawili wanajulikana kwa ofisi ya mheshimiwa kuliko kwa shule. Mama mwenye kibuyu cha lita tano hayumo.

Dadangu tumekosana kidogo kwa hii maneno, niseme ukweli. Mtoto wake wa mwisho anasoma hiyo akademi. Aliniambia, "Wewe umetoka majuu umekuja kutufungia shule, huyu nitampeleka wapi, upande ule hakuna mwalimu wa kutosha." Ana haki. Walimu wa akademi nao ni vijana wetu wanatafuta riziki. Mimi sisemi akademi ifungwe kesho. Nasema mkataba uwekwe mezani, kodi ijulikane na iingie akaunti ya shule, maji ya shule yawe ya watoto wa shule kwanza, na Gredi 8 warudishiwe madarasa yao. Mwenye akademi akitaka kuendelea atafute ploti, Nakuru ploti ziko.

Na sheria iko upande wetu kuliko watu wanavyofikiria. Ndiyo, bodi inaweza kukubali jengo litumike kwa shughuli za jamii na hata kutoza ada, kanisa Jumapili, harusi, mkutano, hiyo sina neno. Lakini kukata kiwanja na mabati na kumpa mfanyabiashara kwa miaka ni kitu kingine. Katiba kifungu cha 62 inasema ardhi ya umma haitatolewa wala kutumiwa isipokuwa kwa njia iliyowekwa na sheria ya Bunge. Basi watuonyeshe hiyo sheria. Tunakumbuka Januari 2015 pale Lang'ata, Nairobi, watoto wa shule wakipigwa vitoa machozi na polisi juu wanadai fildi yao. Huko kiwanja kilizungushiwa ukuta kwanza, kelele zikaja baadaye. Hapa kwetu ukuta bado ni mabati na miti, unang'oleka kwa asubuhi moja.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji Habari ya 2016 inasema unaandika barua kwa Kiingereza au Kiswahili, wana siku 21 kukujibu, wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huhitaji wakili wala jina la mheshimiwa. Barua nimeiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, inaomba vitu vinne tu: nakala ya mkataba, miniti za mkutano wa bodi ulioupitisha, kodi iliyolipwa kila mwaka, na akaunti iliyoingia. Nitatia sahihi mimi wa kwanza, na mwalimu wangu amekubali kutia ya pili. Wale kina mama wenye basari sitaki majina yao pale juu, hao tuwakinge, waweke sahihi watu ambao hawana cha kunyimwa.

Kwa hivyo kama ulisoma pale na uko Nakuru, au uko Doha au Nairobi au popote na unaweza kutuma kopi ya kitambulisho, nitafute kwa ujumbe kabla ya mwisho wa mwezi. Kama ulikuwa kwa bodi miaka hiyo na una miniti kwa droo yako, hata kopi ya picha ya simu tutashukuru. Na kama wazazi wako walitoa harambee ya yale madarasa na bado wana risiti, tafadhali zitoe kwa kasha uzipige picha, ya mamangu nimeipata, shilingi 200, ina mhuri wa shule.