Siku moja ya fundi vioo vya magari Nyakato, Mwanza: kioo cha mbele kinagharimu nini?

Saa 1:00 asubuhi

Kazi ya kwanza ni maji. Uwanja unamwagiwa na kufagiliwa kabla gari lolote halijaingia, kwa sababu vumbi la hapa Nyakato likitua kwenye praima mbichi (dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike), gundi inashika vumbi badala ya kushika kioo. Kisha tyubu za gundi zinakaguliwa tarehe. Iliyopitwa na muda, au iliyokaa kwenye joto dukani, hutoka na vidonge vigumu na haifai hata kama bado inaminyika. Inatupwa. Hasara hiyo nayo imo ndani ya bei, na mteja haioni.

Saa 1:30

Mzigo wa vioo umefika kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Kioo cha mbele husafiri kikiwa kimesimama, kimefungwa boksi na mbao pembeni. Kikilazwa na kuwekewa mizigo juu, hakifiki kizima. Tunafungua boksi palepale kabla ya kusaini, na tunapapasa kingo zote kwa vidole. Pengo dogo kama ukucha kwenye ukingo litazaa mstari mrefu mara gari litakapopita kwenye matuta. Nauli ya mzigo na vile vinavyovunjika njiani ndivyo vinavyofanya kioo kilekile kiwe ghali Mwanza kuliko Gerezani, Dar.

Saa 2:15

Land Cruiser ya familia ya 70. Hii haigundishwi, kioo chake kinakaa ndani ya mpira. Mpira unavalishwa kwenye kioo, kamba inapitishwa kwenye mfereji wake, maji ya sabuni, mmoja anasukuma nje na mwingine anavuta kamba ndani. Ufundi wake ni nafuu. Gharama inapanda pale mpira wa zamani ukiwa umekakamaa, kwani ukirudishwa utavujisha maji kwenye dashibodi.

Saa 3:00

Noah imepigwa jiwe na lori la kokoto. Alama ni ndogo kuliko sarafu, haiko mbele ya macho ya dereva wala karibu na ukingo, basi haihitaji kioo kipya. Hewa inanyonywa kwenye tundu, utomvu maalumu unasukumwa ndani, unakaushwa kwa taa, unakwanguliwa. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kubadilisha. Inawezekana kwa sababu kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo na karatasi ya plastiki katikati, na jiwe mara nyingi huumiza tabaka la nje tu. Vioo vya milangoni ni vya aina nyingine, vikipigwa vinamwagika vipande vipande na hakuna cha kuziba. Ukipata alama kama hii, bandika selotepu maji yasiingie, usimwagie kioo maji baridi gari likitoka juani, na uje mapema.

Saa 4:00

Sasa IST, na hapa ndipo siku ilipokwama.

Mwenye gari amekuja na tyubu ya silikoni mkononi na kioo cha mtumba kwenye kiti cha nyuma. "Fundi, nina kila kitu, wewe nipachikie tu. Saa sita niwe nimevuka daraja, naenda Geita." Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila mtu anahesabu muda kwa dakika, maana hakuna tena foleni ya kivuko ya kusingizia.

Kioo chake kilikuwa na mikwaruzo ya waipa mbele ya dereva na gundi ya zamani imeng'ang'ania pembeni. Mchana hakionekani kibaya. Usiku, taa za gari linalokuja zinatawanyika kwenye ile mikwaruzo na barabara inapotea. Akakubali kuchukua kipya baada ya mabishano marefu, akataka aandikiwe hesabu. Hesabu ya hapa kwetu kwa gari dogo la kawaida ni hii: kioo kipya kilichotengenezwa China shilingi 250,000, tyubu ya gundi ya poliurethani 35,000, praima na dawa ya kusafishia 15,000, ufundi 50,000. Jumla 350,000. Mtumba uliotunzwa vizuri ungepunguza kama laki moja kwenye kioo, lakini gundi, praima na ufundi haviguswi.

"Kaka, gundi elfu thelathini na tano, na mimi silikoni nimenunua elfu nane?"

Hapa ndipo wateja wengi wanapotuona wezi, kwa hiyo nieleze taratibu. Silikoni ni ya madirisha ya nyumba na mabomba ya bafuni. Haina nguvu ya kubeba kioo cha gari. Kioo cha mbele ni sehemu ya bodi: gari likipinduka kinasaidia paa lisibonyee, na mfuko wa hewa wa abiria ukifunguka kwenye magari mengi huegemea kioo hicho ili umrudie abiria kifuani. Kioo kikiachia, mfuko unatoka nacho nje.

Tukaanza kutoa cha zamani. Waipa, plastiki ya chini ya kioo, mipira ya pembeni, kisha waya mwembamba wa chuma unatobolewa kwenye gundi na kuvutwa na watu wawili, huku na huku kama msumeno. Kioo kilipotoka tukaona tatizo lenyewe: fundi aliyetangulia alikuwa amepaka silikoni juu ya gundi ya kiwandani, na chini yake kisu chake kilikuwa kimekwaruza rangi hadi bati. Kutu ilikuwa imetambaa kona yote ya kushoto.

Kwa kawaida gundi ya zamani haitolewi yote. Inakatwa ibaki milimita moja au mbili, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri sana juu ya ile ya zamani iliyo safi. Lakini poliurethani haishiki juu ya silikoni. Kila chembe inatakiwa itoke, hadi kwenye rangi. Kutu nayo inasuguliwa hadi chuma king'ae, inapakwa praima ya chuma, inasubiriwa ikauke. Saa mbili za ziada, na shilingi 40,000 juu ya hesabu. Mteja alipiga simu kwa fundi wa kijiweni kwao, akatuwekea sauti juu: "Wanakuchelewesha tu hao, paka juu kwa juu." Akazunguka gari. Akauliza saa. Akauliza tena. Akasema kutu haionekani, itafunikwa na mpira. Ndiyo, itafunikwa, na itaendelea kula chini ya gundi mpaka kioo kishike hewa.

Wakati anasema hayo, kioo kipya kilikuwa kinaandaliwa: dawa ya kusafishia kwenye ule mkanda mweusi wa pembeni, kitambaa kisichotoa nyuzi, praima, dakika kumi na zaidi ikauke. Mdomo wa tyubu unakatwa umbo la V ili gundi itoke kama pembetatu iliyosimama, na mstari unazungushwa bila kukatika. Ukikatika, maji yatapita hapohapo. Vishikio vya kunyonya, watu wawili, kioo kinashushwa mara moja. Hakisogezwi ovyo kikishatua.

Mvua ikashuka tukiwa tumeshafunika. Unyevu wa ziwa kwa kweli unatusaidia, kwa sababu gundi hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani. Kinachoharibu ni matone kwenye praima kabla kioo hakijakaa.

Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye tyubu: zipo za saa moja, zipo za saa sita na zaidi. Tuliyotumia ilikuwa ya saa tatu. Mteja alitaka kuondoka baada ya nusu saa. Funguo hatukumpa. Alikasirika, akakaa kwenye benchi, akanyamaza.

Mchana, sijui saa ngapi

Chakula kimepoa. Kuna Hiace ya abiria, kioo kikubwa, tyubu mbili, watu watatu. Kuna mama mwenye bima kubwa ambaye ameshatoa kioo kilichovunjika na kukitupa kabla mkaguzi hajakiona. Mama, piga picha kwanza, toa taarifa, ndipo utoe kioo. Soma pia mkataba: mingine ina kikomo cha malipo ya vioo, mingine inakutaka uchangie kiasi cha mwanzo. Bima ndogo hailipi kioo chako kabisa. Na mwenye kutaka risiti ya EFD kwa ajili ya madai aulize mapema kama bei aliyotajiwa ina VAT.

IST imeondoka na maelekezo: acha kioo cha mlango wazi kidogo, kwa sababu mlango ukibamizwa hewa inasukuma kioo kibichi. Selotepu zinazoshikilia kioo kwa juu zisitolewe hadi kesho. Usioshe kwa mashine ya presha siku mbili. Barabara mbovu, taratibu.

Jioni

Magari mawili yamesogezwa hadi kesho. Taa zikiwaka, wadudu wadogo wa ziwani hujaa kwa makundi na kunasa kwenye gundi, kwa hiyo kazi ya kugundisha inakoma giza likiingia, hata mteja akiongeza pesa. Mabega yanauma. Gundi nyeusi kwenye vidole haitoki kwa sabuni.

Simu ya mwisho ni ya mtu mwenye gari jipya lenye kamera nyuma ya kioo, ile inayosoma mistari ya barabara. Anataka bei sasa hivi, na haipatikani kwa mdomo. Modeli ileile inaweza kuwa na kioo cha kamera, cha kihisi cha mvua, au kisicho na chochote, na bei zinapishana sana. Zaidi ya hapo kamera lazima ipangwe upya kwa kompyuta baada ya kazi, la sivyo itasoma barabara vibaya, na upangaji huo una malipo yake. Nimemwomba atume namba ya chasisi, picha ya maandishi ya kona ya chini ya kioo, na picha ya sehemu ya kioo cha kutazamia nyuma kutokea nje. Akituma usiku huu, asubuhi tutaulizia Dar.