Zumanjaro: Mnara Nilioupanda, Mnara Nilioukosa

Kiangazi cha 2017 nilikwenda Marekani kumtembelea dada yangu, anayeishi Trenton, New Jersey. Jumamosi moja tukashika barabara ya I-195 kuelekea mashariki. Kilomita kwa kilomita ni misonobari tu, mpaka mpwa wangu, wakati huo wa miaka kumi na mmoja, akapiga kelele: "Mjomba, ule pale! Zumanjaro!"

Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Neno hilo kwa Kiswahili halina maana yoyote, lakini nusu yake ni ya mlima niliokuwa nikiutafuta kila asubuhi mawingu yalipoachia. Nikajua hapo hapo kwamba mnara ule nitaupanda.

Zumanjaro ulikuwa mnara wa burudani, wa kupandisha watu na kuwaangusha, ndani ya bustani ya michezo ya Six Flags Great Adventure, iliyofunguliwa mwaka 1974 katika mji wa Jackson. Nilidhani Zumanjaro ni mnara unaojitegemea. Kumbe ulikuwa umeegemezwa kwenye mnara wa Kingda Ka, rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi) ya mwaka 2005 yenye kimo cha mita 139, wakati ule ikiwa na kimo kikubwa kuliko zote duniani. Tarehe 4 Julai 2014 ndipo Zumanjaro ulipofunguliwa ubavuni mwake: magari matatu ya viti vinane vinane, yakipanda hadi mita 126. Jengo la KICC pale Nairobi lina mita 105. Wakati ule hakukuwa na mnara mwingine wa kuangusha watu uliofikia kimo hicho.

Kandambili zangu niliziacha chini. Mhudumu akavuta kizuizi cha kifuani mara mbili kuhakikisha kimejifunga. Tukapanda nusu dakika hivi, miguu ikining'inia, na kadiri tulivyopanda ndivyo kelele za bustani zilivyokufa. Huko juu hakuna muziki, hakuna watoto, ni upepo tu. Niliona misonobari ikienda mpaka ilipokutana na anga. Mpwa wangu alinishika mkono; kiganja chake kilikuwa baridi na chenye jasho.

Kisha kitu kikabofya mgongoni mwetu.

Kushuka kwenyewe siwezi kukusimulia kwa mpangilio. Tumbo lilibaki juu, sauti haikutoka. Mwendo ulifika kilomita 145 kwa saa. Kinachokuokoa ni breki za sumaku: sumaku na mapezi ya metali hupishana bila kugusana, na kadiri gari linavyokuja kwa kasi ndivyo nguvu ya kulizuia inavyokuwa kubwa. Hazihitaji umeme, kwa hiyo hata ukikatika, gari litapunguzwa mwendo. Haya nilisomeshwa na mpwa wangu tukiwa kwenye foleni, nami namshukuru, maana bila hayo nisingekaa kwenye kile kiti.

Novemba 2024 likatoka tangazo, siku chache baada ya watu kupanda kwa mara ya mwisho: Kingda Ka inastaafishwa. Alfajiri ya tarehe 28 Februari 2025 ikaangushwa kwa baruti. Niliitazama video nikiwa Moshi, simu mkononi, nikairudia mara nyingi. Wengi waliililia Kingda Ka, na ni haki yao. Mimi nilimlilia mpangaji. Zumanjaro haukuwa na miguu yake yenyewe, na nyumba inapovunjwa mpangaji haulizwi. Miaka kumi, basi.

Agosti ya mwaka ule ule nilikuwa tena Trenton. Safari hii mpwa wangu ndiye aliyeshika usukani, ana ndevu kidogo. Tulipita misonobari ile ile na hakuna kilichochomoza. Kwenye maegesho alizima gari, hakushuka. Alitazama juu kupitia kioo cha mbele kwa muda, kisha akanyoosha kidole kwenye anga tupu.

"Pale, Mjomba. Kandambili ulikuwa umeziacha chini, na miguu yetu ilikuwa pale."