Nilivyojifunza kukadiria umbali baharini bila mitambo

Nilipoanza kujifunza kuendesha chombo cha tanga, umbali ulinisumbua kuliko upepo na kamba. Nchi kavu jicho lina vitu vya kulinganishia: miti, nyumba, watu. Baharini hamna. Mvua ikishakatika na hewa kutakata, kisiwa huonekana kipo hapo tu. Jua likiwaka na utusitusi ukatanda, kisiwa kilekile huonekana kimesogea nyuma. Kilichonisaidia ni kuacha kuliuliza jicho mahali pako mbali kiasi gani. Nikaanza kuliuliza linaloliweza: kitu kimepita saa ngapi, kiko upande gani, kimechomoza au bado. Umbali wenyewe nikautafuta kwa hesabu.

Kwanza ni mwendo wa chombo. Nilipiga alama mbili ubavuni, moja karibu na omo (mbele ya chombo), nyingine kuelekea tezi (nyuma), mita 8 kati yake. Unarusha kipande cha mti mbele kidogo ya omo, unaanza kuhesabu kinapofika usawa wa alama ya kwanza, unakoma kinapofika ya pili. Kikichukua sekunde 4, chombo kinakwenda mita 2 kwa sekunde. Zidisha kwa mbili, unapata karibu maili 4 za baharini kwa saa; maili hiyo ni mita 1,852, kwa hiyo jibu limezidi kidogo sana. Shughuli iko kwenye sekunde. Ukipunja au ukizidisha nusu sekunde tu katika hesabu hiyo, mwendo unapotoka kwa karibu nusu maili kwa saa, na kwa safari ya usiku kucha hizo ni maili nyingi. Ndiyo maana nilijizoeza nikiwa nchi kavu, nahesabu kimoyomoyo huku saa iko mkononi, mpaka thelathini yangu ikawa inaangukia nusu dakika. Hata sasa sirushi kijiti kimoja nikatosheka. Narusha kadhaa, kwa sababu wimbi moja likikiinua chombo wakati usiofaa, hesabu nzima inaharibika.

Mabaharia wa Ulaya walilifanya jambo hilohilo kwa kamba yenye mafundo, kila fundo mita 14.4 kutoka jingine, na kichupa cha mchanga cha sekunde 28. Mafundo matano yakipita mkononi kabla mchanga haujaisha, mwendo ni maili 5 kwa saa.

Lakini kipimo kilichonivutia zaidi ni cha manahodha wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi, ambacho Ahmad ibn Majid alikiandika katika karne ya 15. Wao walihesabu umbali kwa zam, yaani mwendo wa saa tatu. Zam nane ni usiku na mchana mmoja, na ukisafiri hivyo moja kwa moja kuelekea kaskazini, nyota ya kaskazini hupanda kwa isba moja, upana wa kidole. Isba ni kama nyuzi 1 na dakika 36 (nyuzi moja ina dakika 60), na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini. Kwa hiyo ni maili 96 kwa siku, yaani 4 kwa saa. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mkono wangu nilifurahi mno: saa na nyota vilikuwa vinasahihishana karne nyingi kabla ya setilaiti.

Karibu na nchi kuna njia nyepesi zaidi. Chagua mnara au rasi unayoitambua. Ikiwa nyuzi 45 kutoka omo, weka alama ya muda. Shika njia ileile bila kupinda hadi iwe ubavuni kabisa, nyuzi 90. Umbali uliosafiri kati ya hapo ni sawa na umbali wako kutoka kwenye mnara. Kama ni nusu saa kwa mwendo wa maili 4, basi mnara uko maili 2.

Usiku nategemea taa. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa taa kutoka usawa wa bahari kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa macho yako, zidisha kwa 2.08. Taa ya mita 25 na macho yaliyo mita 2.25 juu ya maji: 5 na 1.5 ni 6.5, nayo inakupa kama maili 13 na nusu. Hapo ndipo taa inapochomoza kwenye upeo wa macho, hewa ikiwa safi na taa yenyewe ikiwa na nguvu. Usihesabu mng'ao unaoonekana mawinguni kabla yake. Subiri taa yenyewe.

Vyote hivi vina adui mmoja, mkondo. Kile kijiti nacho kinabebwa na maji, kwa hiyo kinakuambia mwendo wako majini tu, si juu ya ardhi iliyo chini. Ninachofanya ni kutafuta vituo viwili ambavyo umbali wake naujua kwenye ramani, na kuhesabu muda kati ya kimoja kuwa ubavuni na cha pili. Kijiti kikisema maili 4 kwa saa na vituo vikasema 3, mkondo unanirudisha nyuma maili moja kila saa, na hiyo naipunguza katika kila kadirio mpaka maji yageuke.