Nilivyokata picha ya jahazi kwa pembetatu kwenye kurasa mbili za jarida

Kazi niliyopewa ilikuwa kurasa mbili zinazotazamana, A4 na A4, habari ya mafundi wa majahazi wa Nungwi kule kaskazini Unguja, na mhariri alitaka picha zikatwe kwa maumbo, sio mistatili kila toleo. Mi nikakimbilia pembesita maana ndo naziona kila mahali siku hizi, nikachora tisa nikatia picha tisa, kila shimo na yake, nikakaa jioni nzima nazisogeza. Mhariri akaja akasimama nyuma yangu kimya afu akasema, "Kaka, zote nzuri, ila jicho langu halijui lianzie wapi." Na ni kweli. Mbao, msumeno, sura ya fundi, bahari, vyote saizi moja, hakuna mkubwa hakuna mdogo.

Nikafuta zote, nikabaki na picha moja niliyoipenda tangu siku ya kwanza, jahazi linatoka asubuhi, tanga limejaa upepo, nahodha yuko nyuma kashika usukani. Nikaiangalia sana. Tanga lile ni pembetatu iliyoinama, foromali, ule mti unaobeba tanga, imepita juu kwa mshazari, yaani umbo la kukatia lilikuwa humohumo ndani ya picha na mimi nalitafuta nje.

Basi kwenye InDesign, programu ya kupangia kurasa, nikachukua ile zana ya poligoni, ukiibofya mara mbili inakuuliza pande ngapi, nikaweka 3, nikachora pembetatu tano za saizi tofauti kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia, nikavuta ncha zake kwa mshale mweupe mpaka zote zikainama upande mmoja kama tanga linavyoinama, katikati yake nikaacha nafasi ya milimita 4. Sasa hapa ndo nilipokwama muda mrefu, kwa sababu ukiweka picha kwenye kila pembetatu peke yake lazima uilinganishe kwa mkono mara tano na mstari wa bahari haukutani hata ufanyeje. Dawa yake ni kuzichagua zote tano na kubonyeza Ctrl+8, zinakuwa fremu moja yenye vipande vitano, afu Ctrl+D unaingiza picha mara moja tu. Aisee, bahari iliunganika yenyewe. Foromali inaanzia kipande cha pili inaishia cha nne na jicho linaruka zile nafasi nyeupe bila kujikwaa.

Picha ilikuwa pikseli 6000 kwa 4000. Kurasa mbili pamoja na blidi, ile ziada ya pembeni inayokatwa baada ya kuchapa, ya milimita 3 kila upande ni milimita 426 kwa 303, nikaikuza ijaze urefu wa kwenda juu na bado nikabaki na zaidi ya 300 ppi, yaani pikseli kwa inchi, na upana ukazidi kama milimita 28. Huo upana ndo ulioniokoa. Nilipotoa prufu, nakala ya majaribio, kwenye printa ya ofisini nikaikunja katikati, uso wa nahodha ulikuwa umeangukia kwenye mkunjo kabisa! Na jarida letu linabandikwa gundi mgongoni, halifunguki lote, angemezwa nusu uso. Mtu kaamka alfajiri kapigwa picha akiwa kazini, huwezi kumfanyia hivyo. Nikashika kile kiduara kinachotokea katikati ya fremu, nikaisogeza picha peke yake kulia, vipande vikabaki palepale.

Picha ya pili niliyoirudisha ni mkono wa fundi anatia kalafati, yaani anaziba upenyo kati ya mbao mbili, pamba imezunguka kidole cha shahada. Ilikuja kwa watsapu, pikseli 1600 tu kwa upana. Ningeitanua milimita 200 ingeshuka mpaka 203 ppi, nikaipa pembetatu ndogo ya milimita 90 pale chini kulia na ikatoka kali mpaka nyuzi za pamba unazihesabu.

Kilichonisumbua mwisho ni maandishi. Nilitaka yafuate mshazari wa pembetatu, lakini maneno yetu marefu, "wanapolitengeneza" likifika kwenye mstari mwembamba linaacha matundu, na programu ilikuwa inakata maneno kwa kanuni za Kiingereza kwa vile lugha ya maandishi ilikuwa imewekwa hivyo, neno linakatika katikati ya silabi. Nikazima ukataji wa maneno, nikapanga kushoto badala ya kunyoosha pande zote, na mstari mwembamba kabisa nikauwekea milimita 45, chini ya hapo maandishi hayaingii.

Jarida lilipotoka mpiga picha alimpelekea nahodha nakala. Ananiambia mzee alipitisha kidole kwenye foromali kutoka kipande hadi kipande, kwa utaratibu, mpaka kwenye ncha, afu akaomba nakala nyingine ya mwanawe.