Jumapili ya kurudisha helmeti

Leo mchana mwanangu amerudisha helmeti yake stoo ya chuo. Nilimpeleka mimi kwa sababu gari lake liligoma kuwaka, nikamsubiri mlangoni huku theluji ya Novemba ikianza kudondoka. Akatia sahihi, akakabidhi helmeti, kinga za mabega na suruali mbili, akatoka mikono mitupu. Miaka minne imeishia hapo.

Msimu huu timu yake ya futiboli ya Kimarekani imecheza mechi 10, imeshinda 2. Nauandika usiku huu huu, kabla haujaanza kunitoka kichwani.

Chuo chao ni kidogo, hapa Minnesota, na kinacheza Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Katika ngazi hii hakuna anayelipiwa ada kwa sababu ya mpira. Wanaamka alfajiri kunyanyua vyuma, asubuhi wako darasani, jioni wanarudi uwanjani, na deni la ada liko palepale. Siku ya mechi ya nyumbani sisi wazazi tunachoma nyama nyuma ya magari. Mimi huleta maandazi na chupa ya chai ya tangawizi, na hayajawahi kubaki.

Mwanangu anacheza mstari wa mbele, kushoto kwa senta, yule anayeurudisha mpira nyuma kuanzisha mchezo. Mwaka wa kwanza niliukodolea macho mpira, na yeye mpira haugusi; sheria haimruhusu hata kudaka pasi ya mbele. Nikamuuliza, "Sasa baba, wewe pale unafanya nini?" Akanijibu, "Mama, namkinga mwenye mpira. Nikimpatia sekunde tatu, nimemaliza kazi." Tangu siku hiyo nimeacha kuufuata mpira. Namtazama yeye: anavyoinama na kugusa nyasi kwa vidole, kisha kishindo cha mabega, kisha vile vihatua vya harakaharaka vya kurudi nyuma asipitwe. Wanapewa majaribio manne kuusogeza mpira yadi 10 mbele. Mara ngapi nimeona mnyororo ukiletwa kupima, na timu yetu imepungukiwa kiganja kimoja tu! Hapo huwa natamani kulia, kwa sababu nimeona ile jasho yote iliyomwagika kufika pale.

Na nimeogopa sana. Mwaka wa pili aligongwa kichwa, akakaa siku tatu chumbani mapazia yamefungwa, mwanga ukimuumiza. Mtikisiko wa ubongo, daktari alisema. Nilimsihi aache. Baba yake alinyamaza. Yeye akasema, "Mama, daktari akikataa sirudi." Alisubiri mpaka aliporuhusiwa. Kila Jumamosi tangu hapo rozari imekuwa mfukoni mwangu.

Mechi iliyonikaa moyoni ni ya Oktoba, tulipowafuata Saint John's, chuo cha Wabenedikti kule Collegeville. Walitupiga vibaya. Uwanja wao uko bondeni, miti imeuzunguka, na wakati ule majani yalikuwa yamegeuka rangi. Kabla ya mechi nilipanda hadi kwenye kanisa la abasia, nikasimama chini ya ule ukuta mkubwa wa zege unaobeba kengele, kazi ya msanifu majengo Marcel Breuer. Kengele zikalia. Mimi nimezaliwa Peramiho, karibu na Songea, nimekulia kwenye kengele za Wabenedikti. Hapa Minnesota walifika 1856, kwetu Peramiho 1898, na kanuni wanayoifuata ni moja. Nilibaki pale nikifuta machozi, mbali na Songea kiasi kile, na nimeletwa na mpira ambao nilipokuwa msichana sikujua hata kama upo.

Ni hapo Collegeville John Gagliardi alipofundisha misimu 60, kuanzia 1953 hadi 2012. Ukijumlisha na miaka aliyofundisha kabla ya hapo kwenye chuo kimoja cha Montana, alishinda mechi 489, na hakuna kocha wa mpira huu vyuoni aliyemfikia. Lakini namheshimu zaidi kwa jambo jingine: mazoezini hakuruhusu vijana kuangushana chini. Filimbi hakuitaka. Kuitwa kocha hakutaka pia. Wachezaji walimwita John. Tangu nisome habari zake, sikubali tena mtu akiniambia kwamba vijana lazima waumizane Jumanne ili washinde Jumamosi.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho, nyumbani. Tulishindwa. Wengine walikwenda kuoga, ila wale wa mwaka wa nne walibaki wamekaa katikati ya uwanja, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua kamba za viatu. Nilikuwa sijalifikiria hili: kaka zangu Songea wamecheza kandanda mpaka mvi zikawatoka, jioni yoyote, mpira wowote. Huu haurudiwi. Nani atakusanya watu 22, kinga, waamuzi na mnyororo, Jumapili baada ya misa?

Kwenye gari, kabla hatujafika stoo, aliipakata helmeti yake. Ina mikwaruzo ya rangi za helmeti za wapinzani. Akawa ananionyesha kwa kidole, huku wiper zikisukuma theluji. "Hii ya bluu ni ya Septemba, Mama, yule jamaa alikuwa na nguvu. Hii nyekundu, Collegeville."

Nikapunguza mwendo, amalizie zote.