Daftari Lilijaa, Njaa Haikuondoka

Mie ni muuza vitumbua. Kwetu ni Masasi, lakini hapa Jang'ombe, Unguja, nimeishi miaka 18, na mtaa mzima wananijua kwa vitumbua, hata wale wasiojua kwamba Jumapili nashika njia ya Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, kusali. Saa kumi alfajiri unga umeshaumuka, mkaa umekolea, natia mafuta kidogo kidogo kwenye matundu ya chuma. Kwa miaka kadhaa kazi hiyo niliifanya nikiwa nimeziba masikio kwa mahubiri ya kwenye simu. Mhubiri mmoja akimaliza, mwingine anadakia. Kitumbua kikianza kutoboka vijishimo juu, nageuza. Neno likinigusa, nafuta mkono kwenye kanga, naandika.

Nilijaza madaftari manne. Semina nilikwenda, mikesha sikukosa, maombi ya Jumatano nilikuwa wa kufungua mlango. Na bado nilikuwa na njaa. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye haijampata. Unatoka kwenye mkesha umejaa mpaka machozi, ukifika Jumatatu jioni ndani mwako pamekauka kama kifuu. Kwa hiyo unatafuta mkesha mwingine. Nilidhani sijapata mhubiri anayenifaa.

Kanisani kwetu kuna mama mmoja wa makamo ya mama yangu. Nilimlalamikia siku moja tukiwa nje baada ya Misa, tukisubiri jua lipungue. Akaniomba daftari. Akalifungua huku na huku, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, katika haya yote, lipi umeshalifanya?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani nikalisoma upya lile daftari kama deni dukani. Mathayo 5, mstari wa 23 na 24, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, enda zako, upatane kwanza na ndugu yako. Nimeiandika mara tatu, kutoka kwa wahubiri watatu, kwa kalamu za rangi tatu. Ya mwisho nimeipigia mstari mara mbili. Na ukuta kwa ukuta na jiko langu anaishi bibi ambaye mwaka mzima nilikuwa sijamwamkia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa moshi. Moshi wangu wa alfajiri ulikuwa unaingia dirishani kwake, akanipigia kelele mbele ya wateja, nami nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Mtu wa Bara anaweza kuona ni jambo dogo. Aliyeishi Unguja anajua kumpita mtu mzima asubuhi bila shikamoo ni jambo gani. Kisha akaanguka chooni, akavunjika nyonga. Mwanawe yuko Maskati, kabaki na mjukuu wa miaka 12. Nilikuwa nasikia mbao za kitanda zikilia usiku akijigeuza, nami nimevaa visikilizio nasikiliza mahubiri juu ya upendo.

Basi nikajiwekea sharti, na ndilo sharti pekee lililonisaidia. Sisikilizi neno jipya mpaka lile la mwisho limenitoa jasho.

Nilipiga hodi mara tatu, sahani ya vitumbua mkononi. "Weka hapo," akasema, bila kugeuza uso. Nikaomba radhi nikiwa nimesimama mlangoni. Hakujibu. Kesho yake nikawaona kuku wake wanagombea vitumbua vyangu uani. Nilikasirika, nakiri. Niliwaza: Bwana, nimefanya ulichosema, mbona hivi? Nikarudi kwenye simu siku mbili, sharti nikalivunja.

Yule mjukuu ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kununua akaninong'oneza kwamba bibi hana chuki, ila ana wasiwasi na sufuria zetu. Wakristo wengine wanapika mdudu, naye hajui zangu zimepika nini. Mie nguruwe sijampika katika nyumba hii, lakini yeye atajuaje? Sikumuuliza. Nikaenda nikamwambia, "Bibi, nitakupikia jikoni kwako, kwa vyombo vyako, uniangalie." Akanitazama kwa muda, akasema mwiko uko nyuma ya mlango.

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Maji mtaani kwetu yalikuwa yakitoka usiku wa manane, kwa hiyo nilikingia madumu mawili ya lita 20 ya kwangu, na mawili ya kwake. Vitumbua vikiisha, nambadilishia shuka. Mgonjwa wa nyonga hanyanyuliwi kwa nguvu, unamgeuza kwa shuka aliyolalia, unavuta polepole, mmoja huku, mmoja kule. Mie na mtoto tulijifunza hivyo. Mgongo unakandwa, visigino vinawekewa mto visichubuke. Harufu ipo, siifichi. Zipo siku nilifanya nikiwa nimefunga mdomo kwa hasira, na siku hizo sikusikia utamu wowote.

Lakini siku ya kumi hivi, nimekaa uani naosha mikono, nikagundua sijisikii njaa. Namaanisha ile njaa. Sikuwa nimelia wala kutetemeka. Nilikuwa nimeshiba tu, kama mtu aliyekula ugali wa kweli akasahau kwamba alikuwa anaumwa tumbo. Nikakumbuka Yohana 4, "Chakula changu ndicho hiki, niyatende mapenzi yake aliyenipeleka, nikaimalize kazi yake." Niliijua kwa moyo tangu utoto. Sikuwahi kuzingatia Yesu anasema maneno hayo wapi. Amechoka, amekaa kisimani saa sita mchana, wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula, na aliyekuwa akizungumza naye ni mwanamke Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake. Wanarudi na chakula, wanambembeleza ale, yeye keshakula.

Maneno hayakukosekana. Kanisani mmoja akaniuliza, "Umeshamhubiria?" Mpwa wa bibi naye akaja kutoka shamba, akanihoji mlangoni nataka nini kwa shangazi yake. Wote wawili swali lao moja. Nikamjibu yule mpwa kwamba nataka ndoo tupu za maji, akanipa, na tangu siku hiyo akija huniletea majimbi. Yule wa kanisani sikumjibu, labda nilikosea. Ila kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilianza kulisimulia jambo hili kwenye maombi ya Jumatano, tena kwa madoido, na wiki ile ile utamu ukaniondoka kabisa. Nikanyamaza. Leo naliandika bila jina, na bado nina wasiwasi.

Ndani ya kanisa letu, zamani macho yangu yalikuwa juu, kwenye dari. Sasa nilianza kutazama kuta. Hapo zamani palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Mawe ya matumbawe, chokaa, mikono ya watu. Askofu Edward Steere, aliyekaa akijifunza Kiswahili chetu neno kwa neno, kazikwa nyuma ya altare. Mwaka 1876 alipeleka bara kundi la watu walioachiwa huru, na wao ndio walioanzisha makazi ya misheni kwetu Masasi. Nimekulia kwenye jasho la watu wa Unguja, nikaja Unguja nikamnyima mtu salamu kwa sababu ya moshi.

Jiko nalo nililihamisha upande wa pili wa ua. Ilinichukua asubuhi moja na matofali manane. Mwaka mzima nilikuwa nasema haiwezekani.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliingia zikipishana siku chache. Biashara ya asubuhi nikaiweka kando, nikawa nakaanga alasiri kwa ajili ya futari. Kwa bibi nilipika uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi. Hakufunga, tabibu alimkataza, lakini alikataa kula kabla ya adhana. Tulikuwa tunasubiri pamoja, yeye kitandani, mie kwenye mkeka, kwani na mimi Jumatano na Ijumaa sili mpaka jioni. "Uji huu hauna pilipili," ndivyo alivyoshukuru kila siku.

Idi ikapita. Mtaa ukarudi kula mchana, mie bado nina wiki tatu za mfungo. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi nimemaliza kumgeuza, nafunga kanga niondoke, akauliza, "Wewe hujafungua?" Nikamwambia kwetu bado. Akahesabu kwa vidole mpaka Pasaka, akaguna.

Jumatano iliyofuata, maghribi, yule mtoto akaja kwangu amebeba sinia juu ya kichwa, limefunikwa kawa. Alikuwa amepika mwenyewe, bibi akimwelekeza kutoka kitandani kwa kelele ambazo nilizisikia ukutani. Nikafunua. Majimbi ya nazi, samaki wa kukaanga vipande viwili, na bakuli la uji mweusi kwa pilipili.

"Bibi kasema uonje," mtoto akasema, "ujue uji unavyotakiwa kuwa."