Majibu ya zamani yako wapi?

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari na presha, na kitu ninachokitafuta zaidi kwenye faili la mgonjwa ni majibu ya zamani. Figo huharibika kimyakimya. Kiwango cha uchujaji, yaani kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu, kikisoma 52 leo, siwezi kusema moja kwa moja ni ugonjwa sugu. Inabidi kiwe chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi. Sasa mama wa watu alipimwa hospitali nyingine na karatasi imepotea. Tunaanza upya, naye anatobolewa tena.

Ndiyo maana naitaka sana rekodi moja ya kitaifa ya afya, ya kielektroniki. Estonia wanayo tangu 2008, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuingia akaona nani kafungua taarifa zake. Hilo nalipenda mno, maana siri ni ya mgonjwa.

Kwenye dawa ndiko faida inakoonekana haraka. Metformin, dawa ya kisukari, haifai uchujaji ukishuka chini ya 30. Maabara na orodha ya dawa vikikaa mahali pamoja, mfumo unamtahadharisha daktari palepale anapoandika. Unatoa pia majina ya waliopitiliza tarehe ya kupima HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, tukawapigia simu kabla hawajaletwa na kidonda cha mguu.

Ila jina likiandikwa tofauti kila mahali, mtu mmoja anakuwa na mafaili mawili na tahadhari haitokei. Nikiulizwa fedha za mfumo huu zianzie wapi, nasema dirisha la usajili.